Mshipa wa Kwanza Sikuupima

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti, asifiwe na huko pia! Nimekuja kulitaja jina lake, na kulitaja kosa langu, na nikimaliza mtakwenda kula. Mimi si mhubiri. Mchungaji amenipa dakika kumi, nami nitachukua ishirini, kwa sababu jambo lenyewe nimelikalia miaka tisa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Sidi, mzaliwa wa Rabai, na hapa Malindi mmezoea kuniita Sista, maana nimekuwa muuguzi tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu mwaka juzi. Wamo humu ndani niliowadunga sindano wakiwa wachanga, leo wana ndevu. Wamo niliowashona vichwa. Mtu akiaminiwa miaka yote hiyo huota kiburi bila kujijua. Mimi kilinimea mpaka kikazaa, na matunda yake aliyala mwenzangu.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana leo nina hamu ya kukumbuka.

Nilipokuwa chuo cha uuguzi tulilala wasichana wanne chumba kimoja. Jioni tulikuwa tukiketi kwenye ngazi za bweni, miguu ndani ya beseni la maji, tukikariri mishipa ya fahamu ya kichwa. Iko kumi na miwili, na kila mmoja una pacha wake, kulia na kushoto. Hii haipiti kwenye uti wa mgongo kama mingine. Hutoka kwenye ubongo wenyewe, ikapenya vitundu vya fuvu, ikaenda kila mmoja kazini kwake. Majina yake ya kitabuni yanauma ulimi, basi sisi tukajitungia yetu, tukijigusa tunapotaja. Moja, pua! Mbili, macho! Tatu, nne na sita, macho yacheze! Tano, shavu lihisi na taya litafune! Saba, tabasamu! Nane, sikio, na usiyumbe! Tisa, koo! Kumi, sauti, moyo na tumbo! Kumi na moja, inua mabega! Kumi na mbili, toa ulimi! Hapo tunatoleana ndimi mpaka matroni anatoka kutufokea. Jamani, tulicheka! Natamani hata leo nisikie sauti ya yule matroni. Wenzangu wawili wametangulia mbele za haki, na wa tatu sijui aliko.

Nilipoanza kazi nikakuta desturi. Mtu akiumia kichwa, unampima mishipa hiyo. Unammulika macho kwa kurunzi, unamwambia afuate kidole, abane meno, atabasamu, aseme aaa, ainue mabega, atoe ulimi. Lakini ule wa kwanza, wa kunusa, haukuwa na mpimaji. Ungepima vipi? Ilitakiwa uwe na karafuu au kahawa kwenye kikopo, umfunge mtu macho, umnusishe pua moja moja. Nani alikuwa na wasaa, na foleni imefika barabarani? Wakubwa zangu waliuruka, nami nikauruka. Na tulipoandika hatukuandika kwamba tumeuruka. Tuliandika, mishipa yote kumi na miwili ni sawa. Nimeandika hivyo maisha yangu yote ya kazi. Ndugu zangu, ule ulikuwa uongo, na niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Sasa nimtaje mwenzangu. Wa zamani mnamkumbuka Kanze, mpishi wa shughuli. Hakuna arusi ya upande huu iliyopita bila Kanze. Alikuwa akiingia uani na lesoni mwake mna iliki na bizari, anazunguka sufuria kama afisa anayekagua gwaride, hafunui kifuniko. Ananusa tu. Anasema, "Ule wali punguzeni moto. Ile mbaazi haina chumvi." Mimi nilimbishia mara moja kwamba chumvi haina harufu. Akaniambia, "Sista, wewe shona vichwa, chakula niachie mimi." Tulikuwa tukitaniana hivyo. Wali wake wa nazi mpaka leo naukumbuka.

Siku moja, kwenye arusi, Kanze aliteleza kwenye tope la maji ya mchele, akaenda chali, kisogo kikapiga jiwe la figa. Akaletwa kwangu. Nikamshona, nikampima kwa desturi yetu, nikaandika, yote sawa. Wiki moja baadaye alirudi nikamtoa nyuzi, akaniambia polepole, kama mtu anayeona haya, "Sista, tangu nianguke sisikii harufu. Hata kitunguu. Hata moshi."

Ningemsikiliza! Ningechukua dakika mbili tu! Ubongo umeketi juu ya pua, na katikati yake kuna kifupa chenye vitundu vingi vidogo, kama kifumbu cha kuchujia tui. Nyuzi za mshipa wa kunusa hushuka kupitia vitundu vile. Mtu akipigwa kisogoni ubongo hutikisika, na nyuzi zile nyembamba huweza kukatika, ilhali kwa nje hana hata uvimbe. Haya yote niliyasoma. Niliyafanyia mtihani nikafaulu. Nikamwambia Kanze, "Ni mafua hayo. Chemsha majani ya mwarobaini ujifukize." Nikaita, "Anayefuata!"

Miezi miwili baadaye tukafungua kanisa hili. Mnaikumbuka siku ile? Kwaya zilikuja kutoka Kilifi na Takaungu, akina mama tulivaa leso sare, watoto wakapewa shughuli ya kupunga matawi. Ilikuwa siku nzuri. Natamani ingeishia pale kwenye matawi. Samaki wa kupaka waliletwa uani wakiwa wamekwisha kukatwa vipande, na magunia yao yalikuwa yameketi juani. Kipande hakina jicho la kutazama wala shavu la kufunua. Pua peke yake ndiyo ingesema. Kanze akavitia ndimu, pilipili na tui zito, na ladha ya ndani ikafunikwa. Jioni ile kila choo cha mtaa huu kilikuwa na foleni.

Kamati ya akina mama ikamwita. Wengine walisema amezembea. Wengine walisema amepika akiwa amekunywa mnazi. Kanze akasimama mbele yetu, akasema, "Mimi sisikii harufu tangu nilipoanguka. Nilimwambia Sista." Wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, na sare yangu nyeupe. Na mimi, ndugu zangu, badala ya kusema ndiyo aliniambia, nilisema, "Nilimpima mwenyewe. Mishipa yote kumi na miwili iko sawa, na karatasi ipo."

Hakujitetea tena. Aliniangalia tu, akajifunga leso yake vizuri, akatoka. Tokea siku ile akaitwa Kanze mwongo. Shughuli zikakatika, na baada ya mvua za masika yeye na mumewe wakahamia kwa wakwe zake Vitengeni kulima. Asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tukaendelea kuimba.

Mnataka kujua kama niliumwa na dhamira? Sikuumwa! Nililala usingizi mzuri miaka minane. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Mume wangu, Baba Neema, alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Wengi mlimzika nasi. Alikuwa mtu wa korosho. Kila msimu alichoma korosho nyuma ya nyumba kwa bati alilolitoboa mwenyewe, moshi mweusi mpaka majirani wanalalamika, halafu majirani hao hao wanakuja na vibakuli. Harufu ile ilimganda. Aliweza kuoga mara mbili na bado ukajua amepita hapa. Nilikuwa nikimgombeza, "Baba Neema, leo Jumapili, mbona unanukia kama jiko?" Anacheka. Sasa alipokufa nilificha shati lake moja sandukuni, ndani ya mfuko wa nailoni nimeufunga fundo. Nikizidiwa na upweke nafungua fundo, navuta pumzi moja, nafunga. Moja tu, harufu isije ikaisha. Pumzi ile moja ilinirudishia mtu mzima, na kicheko chake, na bati lake.

Mwaka jana nikapata mafua makali. Yalipoisha nikaona chai haina ladha, nikadhani ni majani ya chai. Nikaunguza maharagwe nikiwa nimeketi hatua tatu kutoka jikoni, mpaka jirani akaja mbio. Nikakimbilia sandukuni, nikafungua fundo, nikazamisha uso mzima katika lile shati, nikavuta. Hamna. Nikavuta tena. Kilikuwa kitambaa tu. Ndugu zangu, siku ile nilifiwa mara ya pili, na safari hii hakukuwa na matanga, hakuna aliyekuja kunipa pole, maana ungemwambia nani? Ungesema nini?

Nikaenda hospitali. Daktari kijana, mpole, shikamoo mama. Namfahamu, alifanya mazoezi kwenye zahanati niliyokuwa nikiisimamia. Nikamweleza. Akanimulika macho, nikafuata kidole, nikabana meno, nikatabasamu, nikasema aaa, nikainua mabega, nikatoa ulimi. Akaandika. Akaniambia, "Mama, shukuru Mungu. Mishipa yote kumi na miwili ni sawa. Pengine ni mawazo ya msiba."

Nikamwuliza, "Mwanangu, na wa kwanza je?"

Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Huo huwa hatupimi, mama. Ni wewe uliyetufundisha."

Nilitoka nikaketi kwenye benchi la nje, na wagonjwa wakanisogezea nafasi wakidhani nimepewa habari ya kifo. Uso wa Kanze ulinijia wazi kabisa, vile alivyoniangalia akijifunga leso. Nikalia pale benchini kama mtoto. Sikulilia pua yangu. Nilisema, Bwana, mimi nimeandikiwa uongo mara moja tu na naona dunia imenigeuka. Yule mwanamke nilimwandikia uongo, kisha nikausimamia mbele ya watu wote. Nisamehe! Na Roho akanijibu moyoni, waziwazi, kwamba msamaha wa Kanze haupo kwenye benchi hili, upo Vitengeni.

Nilichukua miezi mitatu kupata ujasiri. Mtaniona mwoga, na ni kweli. Nilifika kwake saa nne asubuhi, nikamkuta uani anapeta mahindi, amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi. Akanitambua kabla sijafika karibu. Akasema, "Shikamoo, Sista," kwa adabu kamili, akanitandikia mkeka, akanipa maji, kisha akarudi kupeta. Hakuniuliza lililonileta. Afadhali angenitukana! Nilikaa na ile bilauri ya maji mpaka nikashindwa. Nikapiga magoti penye makapi ya mahindi, nikamwambia yote. Kwamba sikuwahi kumpima pua. Kwamba alipokuja kuniambia nilimsikia vizuri. Kwamba mbele ya kamati nilijua, na nilisema uongo kwa ajili ya jina langu. Na kwamba sasa mimi mwenyewe sisikii harufu.

Ungo ukasimama. Akaniuliza, "Hata yako imekwenda?"

Nikamwambia imekwenda.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko kile nikaona kwamba analia. Tukalia wote wawili pale uani, kuku wakila mahindi yake bila hofu.

Kisha akainuka akaniambia, "Mganga hajigangi. Njoo jikoni." Akabandika sufuria, akatia mafuta, akatia vitunguu. "Fumba macho. Niambie vimefika wapi." Nikavuta pumzi kwa mazoea, sikupata kitu. Akanipiga bega. "Usivute! Sikiliza." Nikasikiliza. Mwanzo vililia kwa kelele, ndiyo maji yanatoka. Kisha sauti ikashuka, ikawa nyembamba. "Hapo! Sasa vinageuka rangi. Fumbua." Nikafumbua, kweli. Akanifundisha kwamba pilipili huchoma macho na mashavu hata kama pua imekufa, kwa hiyo mvuke wake unaweza kuupima kwa uso. Tui tia kijiko kwenye moto, likikatika mabonge limechacha. Chachu na chungu ulimi bado unavijua, basi onja mwanzo, onja tena mwisho, usione haya. Wali unaotaka kuungua huanza kulia chini ya sufuria, tega sikio. Na samaki? Akasema, "Mimi samaki aliyekatwa simpokei tena. Nataka tutazamane machoni."

Niliketi juu ya kigoda kile nikishangaa. Mimi niliyeikariri mishipa kumi na miwili kwenye ngazi za bweni, na kuipima kwa watu wasiohesabika, nilikuwa nafundishwa kazi zake na mtu niliyemwita mwongo. Mmoja ulimfia, akaiamsha iliyobaki ikamsaidia. Miaka tisa amepika hivyo, shuleni kule Vitengeni, watoto wa shule nzima, na hakuna tumbo lililouma. Hakuna aliyempa pole. Hakuna aliyemwandikia karatasi.

Nilipotaka kuaga nikamwuliza kama amenisamehe. Alijibu neno ambalo ndilo limenisimamisha hapa leo. Alisema, "Mimi na wewe tumemaliza hapa jikoni. Lakini hukuniangusha jikoni, Sista. Uliniangusha mbele ya kanisa. Kaniinue pale pale."

Basi, ndugu zangu, namwinua! Kanze hakuwa mwongo! Hakuwa mlevi! Alisema kweli mbele yetu, na aliyesema uongo ni mimi, nikiwa nimeketi mstari wa mbele. Wote mliomsema, mlimsema kwa neno langu. Mkilalamika, nilalamikieni mimi. Na yule daktari kijana nilirudi kwake pia. Nilimpelekea kikopo cha karafuu na kingine cha kahawa, nikamwambia nilimfundisha vibaya. Vimo mezani kwake.

Najua mnasubiri. Ushuhuda lazima uwe na muujiza, na mnataka niseme pua imefunguka. Haijafunguka. Kila asubuhi nanusa ndimu, nanusa karafuu, nanusa asumini, maana wanasema mshipa ule huweza kuota tena polepole, na ukubwa wa Mungu siujui mwisho wake. Lile shati bado limo sandukuni. Huenda siku moja. Lakini mimi nimeokolewa! Nilikuwa nimefungwa na neno "sawa" nililoliandika bila kutazama, na Bwana amenifungua. Nimelala na dhamira mbovu miaka minane nikidhani ni amani. Leo naijua amani yenyewe, na namshukuru Mungu aliyenipokonya harufu akanipa masikio ya kumsikiliza mwenzangu.

Wewe uliyeketi hapo na jambo ulilomfanyia mtu, na unalala vizuri tu, mwamini Bwana. Inuka uende kwa mtu huyo. Usingoje miaka tisa. Na wewe uliyewahi kuja kwangu ukaniambia kitu hakiko sawa mwilini mwako, nikakufukuza na majani ya mwarobaini, njoo uniambie tena. Nitakusikiliza.

Sasa dakika zangu zimekwisha, na Mchungaji ananitazama. Chakula kiko uani. Wengi mmekwisha kuisikia harufu yake tangu wimbo wa pili, niliwaona mkigeuza vichwa. Mimi sikuisikia. Ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, na aliyepika yuko pale nje, hakutaka kuingia mpaka nimalize. Ni Kanze.

Najua mnachokifikiria. Basi mtaniona nikitangulia. Nitachukua sahani, nitakwenda mpaka kwenye sufuria yake, nitasema nipakulie, nami nitakula mbele yenu nyote, mimi nisiyeweza kunusa kilichomo. Anayemwamini Bwana na anifuate. Na asifiwe milele, amina!